Bia chungu ya Mzungu tunaionja, ya mama wa Nyarero tunaimwaga

Wadau, leo nina hasira kidogo, nivumilieni.

Siku hizi mjini kuna ustaarabu mpya. Watu wanakaa Masaki, au wanavuka mpaka pale Sirari na kwenda zao hadi Nairobi, wanaletewa glasi ya bia yenye ukungu, chungu kama shubiri, kali kuliko bia tuliyozoea, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya Safari. Hawainywi hapo hapo. Kwanza wanaiangalia kwenye mwanga. Wanainusa. Wanapiga funda dogo, wananyamaza kama wako ibadani, halafu wanaambiana: nasikia balungi, nasikia msonobari, uchungu wake unabaki nyuma ya ulimi. Wenyewe wanaziita bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vinavyopika kwa ufundi wao wenyewe. Nairobi wapo akina Bateleur na 254 Brewing.

Sina ugomvi nao. Bia hizo mimi nazipenda, hasa ile inayoitwa IPA. Ugomvi wangu ni kwamba mtu huyo huyo akija huku kwetu Nyarero, wilaya ya Tarime, akapewa pombe ya ulezi, anakunja pua. Nayo ina ukungu. Nayo ina ladha nzito. Nayo imepikwa kwa mkono na mtu anayeijua kazi yake. Lakini hainusi, haangalii rangi, haulizi kimea kilikaa siku ngapi. Na akiwa mwandishi wa habari kama mimi, anarudi mjini anaandika "pombe haramu". Hii ni kasumba, ndugu zangu, na kuna watu inawaumiza.

Tuanze na huo uchungu tunaoulipia. Unatoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa kwenye kamba, unaopenda nchi zenye siku ndefu za kiangazi. Hapa karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki urefu, haustawi vizuri, kwa hiyo hopsi zinaagizwa kutoka nje. Maua hayo yakichemshwa na maji ya kimea hutoa asidi chungu, na asidi hizo zinawazuia bakteria wanaoichachusha bia. Bavaria walitoa amri mwaka 1516 kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Karne ya 18 na ya 19 Waingereza walisafirisha hadi India bia zilizojazwa hopsi nyingi, na ndiko lilikotoka jina la India Pale Ale, hiyo IPA. Kwa maneno mengine, uchungu huo kwa sehemu kubwa ulikuwa dawa ya kuhifadhi, kama chumvi kwenye kayabo. Baadaye watu wakaupenda wenyewe.

Sasa njoo kwenye mtungi wetu. Pande hizi za ziwa unga wa mahindi unavundikwa siku kadhaa, unakaangwa kwenye bati juu ya moto mpaka unabadilika rangi, kisha unachanganywa na maji na kimea cha ulezi. Ulezi haukuchaguliwa kwa bahati. Kimea chake kinajua kugeuza wanga kuwa sukari, na punje zake zinakaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu. Hopsi hakuna, kwa hiyo wale bakteria waliofukuzwa Ulaya hapa wanafanya kazi yao kwa raha, wale wale wa maziwa ya mgando. Ndiyo maana pombe hii ina uchachu, na ndiyo maana lazima inywewe ndani ya siku chache. Ni pombe ya majirani. Haikutengenezwa isafiri.

Kuna mtu ataniambia: uchachu huo ndio uharibifu wenyewe. Ndugu yangu, Ubelgiji kuna bia inaitwa lambic, inaachwa wazi ishikwe na chachu na bakteria wa hewani, inakuwa chachu kama ndimu, na watu wanapanda ndege kwenda kuionja. Mwaka 2016 Unesco ikauingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Uchachu wa Brussels ni urithi, uchachu wa Nyarero ni uchafu. Hapo vipi?

Na msiniambie Mwafrika hajui bia chungu. Wachaga wanapika mbege kwa ndizi na ulezi, na wanatia gome la msesewa, ambalo uchungu wake ukikutana nao mara ya kwanza utadhani umepewa kwinini. Wahabeshi wanatia gesho kwenye tela na teji. Kazi ya gome hilo na majani hayo inafanana na kazi ya hopsi: kuukata utamu wa nafaka na asali. Sisi wa Mara ulimi wetu umelelewa na mgagani, mboga chungu inayopikwa kwa maziwa ili ule uchungu utulie bila kupotea. Mtu aliyekula mgagani tangu utoto hahitaji kufundishwa IPA na Mzungu. Anahitaji tu kuambiwa kwamba ulimi wake nao ni ulimi.

Haya, tuonje. IPA nzuri usiinywe ikiwa barafu, baridi kali inaua harufu. Mzee wa kijijini anayeagiza Safari "ya moto" huwa tunamcheka bure, kuna kitu anakijua. Nusa kwanza, maana kazi kubwa ya hopsi iko puani: machungwa, embe, nyasi mbichi. Kunywa kidogo, tafuta kama utamu wa kimea unaubeba ule uchungu au umezidiwa. Bia ambayo ni chungu tu, haina kitu kingine, ni mbaya hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Fanya vivyo hivyo kwa pombe ya ulezi. Harufu ya kwanza iwe ya unga uliokaangwa, karibu na mkate uliopita kidogo motoni. Mdomoni iwe nzito bila kuwa uji. Uchachu uje wa mtindi, usije wa siki. Ukisikia siki, imepitwa na wakati. Ukisikia moshi mwingi, bati liliachwa na mtu aliyekwenda kupiga soga. Ukisikia ukungu wa nafaka iliyooza, weka chini, usimalize kwa heshima. Wazee wa Kikurya waliokuwa wakizunguka mtungi mmoja kwa mirija mirefu walikuwa na mahakama yao ya ladha pale pale, na mama aliyepika vibaya aliambiwa.

Naomba nieleweke. Sisemi pombe haina madhara. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na sote tunazijua nyumba ambazo ada ya shule inaishia kilabuni na kipigo kinaishia kwa mama. Asiyekunywa aendelee kutokunywa, namheshimu. Lakini hata yeye asome hapa chini.

Tatizo kubwa ni kuchanganya pombe ya kuchachusha na gongo. Pombe ya ulezi kwa kawaida ina kileo kati ya asilimia 2 na 5. IPA kali zile za mjini zinafika asilimia 7 na zaidi. Gongo ni kitu kingine kabisa, imekenekwa, na ni kali mara nyingi zaidi ya hizo zote. Sheria yetu yenyewe inatofautisha: Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji na kuiwekea leseni, wakati kutengeneza gongo kienyeji ni kosa. Waandishi hatutofautishi. Niliwahi kuandika "pombe ya ulezi", mhariri mmoja akafuta akaweka "pombe haramu", eti ndiyo inauza gazeti.

Neno hilo moja lina matokeo. Operesheni ikipita, anayeonekana kwanza ni mama mwenye mitungi mikubwa, bati la kukaangia na machicha uani. Hawezi kuvificha. Kazi ya siku nyingi inamwagwa chini, na pamoja nayo ada na sare za watoto. Mwenye gongo anatia mfukoni chupa ya maji anapita. Sasa mwambieni huyo mama mwezi ujao apike nini? Gongo haichachi, haichukui nafasi, faida yake inabebeka. Kila ukimwaga mtungi bila kufikiri unamsukuma mpishi kuelekea kwenye mtambo. Novemba 2000 mitaa ya mabanda ya Nairobi ilizika watu zaidi ya 100 waliokunywa pombe kali yenye methanoli. Hilo ndilo la kuogopa.

Ni kweli pombe ya nafaka nayo inaweza kuua. Januari 2015, Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Minong'ono ya kwanza ilisema nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha sumu ya bakteria iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibika. Sumu ya namna hiyo usitegemee ulimi kuigundua. Kwa hiyo anayeipenda pombe hii kwa dhati adai bwana afya anayekagua unga na maji, na afundishe. Askari wa kumwaga mtungi hapimi unga.

Na hao Wamarekani tunaowaiga, wao walifanyaje? Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila kulipa kodi. Kukeneka nyumbani wakaacha ni kosa. Waliweza kuchora mstari kati ya mtungi na mtambo! Ken Grossman, aliyekuwa akipika bia nyumbani na kuuza vifaa vya kupikia, akaanzisha Sierra Nevada huko California, na mwaka 1980 akaanza kupika bia iliyojaa hopsi ambayo leo inatajwa miongoni mwa mama wa hizi krafti mnazolipia Masaki. Kwa hiyo hiyo glasi yako ya balungi na msonobari ina jiko la nyumbani nyuma yake.

Hoja zangu ni tatu. Waandishi tuandike jina la pombe: ulezi, mbege, ulanzi, rubisi, gongo. Kila kitu kina jina lake. Halmashauri zitoe leseni na elimu ya usafi kabla ya kutuma watu wa kumwaga. Na ninyi wapenda IPA, mkija Tarime msiishie kupiga picha mgodi wa Nyamongo na kurudi. Kaeni chini, nuseni, onjeni, mseme kama ni nzuri au ni mbaya, na kwa nini. Mama wa Nyarero hataki kusifiwa kwa huruma. Akiambiwa bati lilizidi moto atakubali au atabisha, kwa sababu ni fundi, na fundi hujibu kwa kazi yake.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje akiwa ameonja.