"Imekubali, asanteni." Sawa, lakini ilikubali vipi?

Wasee, kuna ujumbe mmoja kwenye magrupu ya kodi (kodi ya kompyuta, tulieni, KRA hawako hapa) unaoniudhi kuliko zile picha za maua za "habari za asubuhi". Ni huu: "Imekubali, asanteni." Basi. Mtu amelia siku mbili kwamba programu yake imekataa. Watu watano wamemwuliza maswali, mmoja amemwandikia maelezo marefu saa saba usiku kwa bando lake mwenyewe. Kesho yake: "Imekubali." Ulibadilisha nini? Kimya. Ameingia mitini na jibu.

Na si tabia ya Wakenya peke yetu. Kuna katuni ya xkcd inayocheka kitu kinachofanana: jamaa anatafuta kosa lake kwenye intaneti, anampata binadamu mmoja tu aliyewahi kupatwa nalo, swali liliachwa hapo tangu 2003 na halina jibu. Inachekesha mpaka iwe ni wewe, na kazi ya mteja inatakiwa kesho asubuhi.

Angalia Stack Overflow. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoianzisha 2008, wazo lenyewe lilikuwa rahisi: swali si lako peke yako. Unauliza wewe, lakini linawekwa hadharani kwa ajili ya mtu atakayekwama mwaka ujao. Jibu likikusaidia unaliwekea alama ya kijani, ili anayekuja ajue ni lipi lililofanya kazi. Na ukipata jibu mwenyewe, unaruhusiwa kujijibu. Watu wengi hawajui hiyo. Unauliza, unajijibu, na hakuna anayekuona mwendawazimu.

Sasa najua mtasema nini. Stack Overflow ni ya watu wenye kiburi. Ni kweli, sitaitetea hapo. Unaingia mara ya kwanza na Kiingereza chako cha kuungaunga, unauliza, dakika mbili swali limepigiwa kura za chini na kufungwa kwamba liliulizwa zamani. Hakuna aliyekwambia umekosea wapi. Halafu kwa miaka mingi ulihitaji alama 50 kabla ya kuruhusiwa kuweka maoni chini ya jibu la mtu mwingine, kwa hivyo hata kumwuliza "mstari huu unamaanisha nini?" hukuweza. 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba haiwakaribishi watu wapya vizuri. Kura ya chini bila neno hata moja, kwangu mimi, si maoni. Ni kama mwalimu anayekurudishia karatasi yenye X kubwa halafu anaenda chai.

Lakini wale wazee wenye kiburi walikuwa na pointi moja ambayo sisi tunaikwepa. Wanataka ulete kipande kidogo kabisa cha kodi kinachoonyesha kosa, ujumbe wa kosa kama ulivyo, ulichotarajia, na kilichotokea badala yake. Sisi tunaleta nini? Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama, kidole kinaonekana, na maneno "msaada please". Ukimpelekea fundi gari pale Grogan hutamwambia "imekataa" halafu ukae kimya. Atakuuliza: inakataa kuwaka, ama inazima ukiwa barabarani? Ni lini ilianza? Nani aliigusa mwisho? Na mara nyingi ukijibu vizuri, unajikuta umejua shida yako kabla hata hajafungua boneti. Kodi ni vivyo hivyo.

Halafu akaja ChatGPT, mwishoni mwa 2022. Wiki hazikupita, Stack Overflow wakapiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo, kwa sababu yalionekana safi huku mengi yakiwa na makosa. Haikuzuia watu kuhama. Na sishangai. Haikuchekelei, haifungi swali lako, unaiuliza usiku wa manane jambo la kijinga na inajibu kwa adabu. Mimi pia naitumia kila siku.

Shida ni kwamba ukiuliza huko, hakuna mwingine anayesikia. Umepata jibu, umefunga laptopu, na jirani yako wa Kahawa West anaanza safari ileile kesho kutoka sifuri. WhatsApp ni afadhali kidogo tu: Google haioni ndani ya grupu, na anayejiunga leo kwa kawaida hasomi yaliyoandikwa jana.

Kwa msee wa Berlin, labda haidhuru. Shida zake zilishaandikwa mara elfu. Zetu je? Chukua Daraja, ile njia ya kuunganisha programu yako na M-Pesa ili mteja aletewe ombi la PIN kwenye simu. Unaandika localhost kama anwani ya kupokea majibu. Seva za Safaricom haziwezi kuiona laptopu yako iliyoko Rongai, zinahitaji anwani ya hadharani, yenye HTTPS. Unaandika namba kwa 07 badala ya 2547. Unatengeneza nenosiri kwa wakati mmoja, halafu kwenye ombi unatuma wakati mwingine, sekunde zimesonga, na nenosiri halilingani tena. Haya ni makosa yetu. Hakuna atakayetuandikia kutoka San Francisco. Na mashine hizi za akili unde zimejifunza kutokana na yale watu waliyoyaandika hadharani, Stack Overflow ikiwemo. Mei 2024 hata walitangaza mkataba na OpenAI, na baadhi ya watumiaji wakakasirika wakaanza kufuta majibu yao, wakasimamishwa. Nawaelewa kabisa. Ila pale ambapo hatukuandika kitu, mashine hainyamazi. Inabuni, tena kwa ujasiri.

Kuna kaka mmoja aliniambia wazi: "Nilisota kulijua hili, nao wasote. Hiyo ndiyo kazi yangu." Namwelewa kuliko anavyodhani, kwa sababu kazi ni chache na mteja mmoja anaweza kuwa kodi ya nyumba (ile kodi nyingine). Uza kazi yako, bro. Tengeneza mfumo mzima, dai pesa ya maana, usitoe siri za mteja. Lakini hakuna mteja atakayekulipa kwa sababu unajua namba inaanza na 254. Hicho si kipaji, ni kichochoro chenye giza ambacho umekipita na kukataa kuweka taa.

Lugha nayo isiwe kisingizio. Stack Overflow ina matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, ya Kiswahili haina. Sawa. Weka kwenye GitHub yako, kwenye blogu, kwa Kiswahili hiki chetu cha kuchanganya. Mistari mitatu inatosha: ujumbe wa kosa ulisema hivi, chanzo kilikuwa hiki, nilirekebisha hivi. Nakili ule ujumbe wa kosa neno kwa neno, maana hayo ndiyo maneno ambayo mwenzako ataandika akitafuta.

Kuanzia wiki hii, kwenye grupu ninayosimamia, ukisema "imekubali" bila hiyo mistari mitatu, swali lako linalofuata litasubiri mpaka uilete. Admini mwenzangu anadhani nitafukuza watu. Tutaona.