Uchungu wa Stanley Ulibebwa na Nani?

Mwezi wa Oktoba 2021, wenyeji wa Denbigh, mji mdogo huko Wales, waliulizwa kama sanamu ya Henry Morton Stanley, iliyosimamishwa hapo mwaka 2011, ibaki au iondolewe. Watu 471 walitaka ibaki, 121 walitaka iondolewe. Sanamu ikabaki.

Jina la Stanley sisi watu wa mwambao tumelisikia tangu darasani. Lakini yeye hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, na mama yake hakuwa na mume. Babu aliyemlea alipofariki, jamaa walimchoka. Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, alitiwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, malezi yalikuwa viboko. Hata siku mama yake alipoletwa humo humo, hakumtambua mpaka akaonyeshwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Rowlands alikimbilia Marekani, akabadili jina, akaficha kwao. Mwaka 1871 akafika Unguja, akaingia bara.

Wako wanaosema kwamba safari zile zilikuwa dawa ya utoto wake, kwani porini hakuna aulizaye mtu ni mwana wa nani. Huenda ni kweli. Lakini dawa hiyo ilibebwa vichwani mwa wapagazi wa Unguja na Mrima, na wengi wao hawakurudi makwao. Na viboko alivyovilalamikia St Asaph, yeye naye aliwachapa navyo wapagazi; vitabu vyake vyenyewe vyakiri.

Ila kuna kisa kimoja alichokisimulia, cha safari ya 1874 hadi 1877, walipoufuata mto Kongo mpaka baharini. Uledi, mshika usukani wa mashua yake, aliiba shanga, akahukumiwa kuchapwa. Nduguye Shumari akajitokeza, akaomba sehemu ya viboko apigwe yeye. Binamu yao Saywa naye akaomba vivyo hivyo. Stanley akawasamehe wote.

Kule St Asaph hakuna aliyejitokeza kumwambia mwalimu, "Nipige mimi." Maelfu ya maili ya pori hayakumlainisha moyo, siku ile ulilainishwa na watu waliojua maana ya undugu.

Kura ya Denbigh ilipigwa na watu wa Denbigh. Wajukuu wa kina Uledi hawakuulizwa.