DEREVA NA NYUMBA YAKE: Motokaa Fupi Zenye Mbio, Ipi ya Uwanjani na Ipi ya Barabarani?

Ndugu msomaji, juma hili twajibu swali ambalo limefika mezani petu mara nyingi, kwa barua na kwa mdomo. Ziko motokaa ndogo ambazo kwa umbo ni kama za kwendea sokoni, lakini kwa mwendo zashindana na motokaa za mashindano. Je, kati ya hizo, ipi ndiyo bora? Swali hili si la vijana wa mjini peke yao. Limo katika mabweni ya askari, limo katika vituo vya polisi, na sasa limeingia mpaka sebuleni.

Mama mmoja, mke wa koplo, ametuandikia kwamba mumewe amerejea kutoka kazi ya nje ya nchi akiwa na akiba yake, naye amekata shauri kununua motokaa ya namna hiyo. Mume asema yeye ni dereva aliyefunzwa na jeshi, hivyo hapana la kuogopa. Mke asema nyumbani mna watoto watatu, na akiba ile ni jasho la miaka. Ametuomba tuamue. Kuamua shauri la nyumba ya watu si kazi ya ukurasa huu. Lakini kuzipima motokaa zenyewe kwa hesabu iliyo wazi, hilo twaliweza, na kila mtu atajihukumia mwenyewe.

Kwanza tuitazame asili yake. Motokaa fupi ni ile isiyo na buti lililochomoza nyuma. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Mwezi wa Septemba 1975, katika maonyesho ya Frankfurt, Volkswagen wa Ujerumani walionyesha Golf GTI. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 110, na motokaa nzima ilikuwa na uzito wa kilo 810 hivi. Wenyewe walikusudia kutengeneza 5,000 tu. Lakini watu walipoona kwamba chombo kimoja chaweza kupeleka watoto shule siku ya Ijumaa na kushindana uwanjani siku ya Jumapili, walizigombea, hata zikauzwa zaidi ya 450,000 za toleo lile la kwanza.

Mwaka 1984 Peugeot wa Ufaransa walijibu kwa 205 GTI, motokaa nyepesi, hodari wa kona, iliyopendwa mno. Pamoja na sifa hizo, ilikuwa na tabia moja ambayo kila dereva yafaa aifahamu. Mtu akiingia kona kwa kasi, kisha akaogopa na kuondoa mguu ghafula kwenye petroli, uzito wa motokaa huhamia mbele, magurudumu ya nyuma hupungukiwa na mshiko, na mkia hutaka kutangulia. Dereva wa mashindano huitumia tabia hiyo kugeuza motokaa upesi. Dereva wa kawaida hujikuta mtaroni akitazama alikotoka. Hapo ndipo tunapopata somo la kwanza: sifa ya uwanjani yaweza kuwa hatari ya barabarani, na chombo ni kile kile.

Sasa tuje kwa washindani wa siku hizi. Tumechagua watatu, wote wenye gia sita za mkono.

Wa kwanza ni Renault Mégane R.S. Trophy-R ya mwaka 2019. Ina nguvu za farasi 300 na uzito wa kilo 1,306. Mafundi waliipunguza uzito kama mtu anayejiandaa kwa mbio ndefu, hata viti vya nyuma wakaving'oa. Zilitengenezwa 500 tu.

Wa pili ni Honda Civic Type R, toleo lililotoka mwaka 2022. Ile iliyouzwa Ulaya ina nguvu za farasi 329, na uzito wake ni kilo 1,430 hivi. Hii imebaki na milango mitano, na nyuma mna nafasi ya mizigo ya lita 410.

Wa tatu ni Toyota GR Yaris iliyotoka mwaka 2020. Injini yake ni ya lita 1.6 na silinda tatu tu, lakini kwa msaada wa turbo yatoa nguvu za farasi 261. Uzito wake ni kilo 1,280. Tofauti yake kubwa na wenzake ni kwamba magurudumu yote manne husukuma, ilhali wale wawili husukumwa na magurudumu ya mbele.

Wengi hutazama nguvu za farasi peke yake wakadhani wamemaliza. Sivyo. Askari aliyepata kutembea na mzigo mgongoni ajua kwamba nguvu bila kuhesabu uzito haina maana. Tugawanye basi nguvu kwa uzito. Renault yapata farasi 230 kwa kila tani. Honda nayo yapata 230. Toyota yapata 204. Ajabu ni kwamba zote tatu hutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde tano na nusu hivi. Toyota, iliyo dhaifu kwa hesabu, haiachwi nyuma, kwa sababu nguvu yake hugawanywa kwa magurudumu manne, wala haipotei kwa kuteleza. Honda na Renault hutegemea difu ya pekee: gurudumu moja likianza kuzunguka bure, nguvu hupelekwa kwa lenzie.

Uwanja unaotumika kuzipima motokaa hizi ni Nürburgring, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1927. Njia yake ya kaskazini ina urefu wa kilomita 20.832, ikipanda na kushuka katika misitu kwa kona nyingi. Mwaka 2019 Renault Trophy-R iliizunguka kwa dakika 7 na sekunde 45.389, ikashika rekodi ya motokaa zinazosukumwa na magurudumu ya mbele. Mwaka 2023 Honda wakarudi na Civic Type R, wakapata dakika 7 na sekunde 44.881. Mwendo huo ni wastani wa kilomita 161 kwa saa.

Tofauti yao, ndugu msomaji, ni nusu sekunde. Kwa mwendo ule, nusu sekunde ni kama mita 23 katika safari ya karibu kilomita 21. Na hizo zilipatikana na madereva waliobobea, kwenye uwanja uliofungwa, kwa tairi teule, pasipo na mbuzi, pikipiki ya abiria, wala mtoto anayefuata mpira. Ikiwa washindani wenyewe, katika hali njema kiasi hicho, wapishana kwa nusu sekunde, basi mtu anayelipa fedha nyingi ili ashinde kwa rekodi hiyo katika barabara ya kwenda kazini anunua kitu ambacho hatakitumia hata siku moja.

Kwa hiyo, uwanjani Honda na Renault ni sawa kwa mbio, ila Honda yafanya kazi hiyo bila kung'oa viti. Hilo kwetu ni ushindi mkubwa kuliko ule wa nusu sekunde.

Tutoke uwanjani, tuingie barabarani. Tazama tairi. Civic Type R yavaa tairi ya upana wa milimita 265, na ubavu wake, yaani kimo kutoka ukingo wa rimu hadi ardhini, ni asilimia 30 ya upana huo. Hiyo ni sentimita 8. GR Yaris yenye tairi za upana wa milimita 225 na ubavu wa asilimia 40 ina sentimita 9. Ile Golf ya kwanza, iliyovaa tairi nyembamba za inchi 13, ilikuwa na sentimita 12. Ubavu mfupi humfaa dereva wa uwanjani, maana tairi haiyumbi kwenye kona. Lakini ubavu ndio mto wa kwanza unaopokea pigo la shimo. Ukiwa mfupi, pigo hulifikia rimu, na rimu ya namna hiyo ikipinda au kupasuka gharama yake si ndogo. Kwa njia zenye mashimo na matuta, Toyota ina nafuu kidogo, na magurudumu yake manne ni msaada wakati wa mvua na kwenye changarawe.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja la kawaida. Toyota walishinda Safari Rally ya Kenya iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na mwaka 2022 walichukua nafasi nne za kwanza kwa GR Yaris Rally1. Vijana wamesikia jina hilo wakadhani ni motokaa ile ile iuzwayo dukani. Siyo. Ile ya rali ilijengwa juu ya fremu ya vyuma iliyotengenezwa makusudi kumlinda dereva, ikainuliwa juu, ikapewa springi za kupokea miamba. Ya dukani ina jina na sura, lakini haina mifupa ile. Mtu asiipeleke porini kwa kuamini jina.

Sasa tumjibu koplo, ambaye hoja yake ni mafunzo. Twayaheshimu mafunzo hayo. Lakini mafunzo hayabadili hesabu ya kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, motokaa hukata mita 28 kila sekunde. Dereva mwangalifu hutumia kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Kisha breki njema, juu ya lami kavu, huhitaji mita 38 hivi. Jumla ni mita 66. Kwa kilomita 140 kwa saa, sekunde ile moja hula mita 39, na breki huhitaji kama mita 75, kwa sababu nguvu ya mwendo huongezeka kwa kuzidisha kasi kwa kasi. Jumla ni mita 114, zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Motokaa hizi hufikia kilomita 140 kabla dereva hajajua, kwa kuwa hazitetemeki wala hazilalamiki. Hatari yake ndiyo hiyo: mbio zake hazisikiki. Na mtoto avukaye barabara ya Kampala kwenda Masaka hajui kwamba dereva ajaye alifunzwa vema.

Liko jambo jingine, dogo kwa kutazama, lakini ndilo linaloamua. Trophy-R ina viti viwili. Civic Type R ina viti vinne. GR Yaris ina viti vinne, milango miwili ya abiria tu, na nafasi ya mizigo ya lita 174, ambayo gunia moja la mkaa laijaza. Baba, mama na watoto watatu ni watu watano. Hivyo katika zote tatu, mmoja wa nyumba hiyo hana kiti, na asiye na kiti hana mkanda. Mtoto anayepakatwa na mama yake, motokaa ikigonga, hushindwa kuzuilika kwa mikono ya binadamu yeyote.

Hukumu yetu basi ni hii. Kwa uwanja peke yake, Trophy-R. Kwa mtu mmoja au wawili waishio kwenye barabara mbaya, GR Yaris. Kwa anayetaka uwanja na barabara kwa chombo kimoja, naye ana jamaa ya watu wasiozidi wanne, Civic Type R ndiyo bora ya zote. Kwa nyumba ya watu watano, hakuna hata moja. Apendaye mbio kidogo na atazame Golf GTI ya milango mitano, yenye viti vitano, au anunue motokaa ya kawaida iliyo nzima na akiba ibaki. Kila chombo kwa wimbile.

Kwa atakayenunua iliyokwisha tumika, na achunguze mambo haya kabla ya kutoa fedha:

Kwanza, sahani za breki. Zikiwa na kingo zilizochongoka au nyufa ndogo ndogo, motokaa huenda ilitumika uwanjani. Pili, mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na yakipata joto kali huchemka, hata kanyagio likazama mpaka chini bila kusimamisha kitu. Yabadilishwe mara tu motokaa inunuliwapo. Tatu, tairi za nyuma na za mbele: zikiwa zimelika upande mmoja, fundi aangalie kama fremu haikupinda. Nne, petroli: injini hizi zenye turbo zataka petroli ya kiwango cha juu, nayo haipatikani kila kituo. Tano, bei ya tairi nne mpya iulizwe dukani kwanza, siyo baadaye.

Mume na mke na wakae na karatasi hii pamoja, wahesabu watu kabla ya kuhesabu farasi.

Juma lijalo: jinsi ya kusoma tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, na sababu ya kuikataa tairi kuukuu hata kama meno yake ni mapya.