Pikipiki Isiyoweza Kufunguliwa na Fundi Wako Si Yako

Serikali yetu imefanya jambo jema kwa nusu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 0 kwa pikipiki za umeme na betri za lithiamu, na mwaka huohuo ikatangazwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Kwa nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Marsabit, ni upuuzi kuendelea kuchoma petroli ya kuagizwa ili kumfikisha abiria Westlands kutoka Kangemi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuwahimiza vijana wanunue pikipiki hizi bila kuuliza wanauziwa nini hasa.

Tuanze na ununuzi. Katika mpango uliozoeleka, mhudumu wa bodaboda hununua fremu, magurudumu na mota, kwa kawaida kwa mkopo. Betri hubaki kuwa mali ya kampuni, naye hulipia kila anapoibadilisha kituoni. Mpango huu una faida yake: bei ya kuanzia hushuka, na betri ikichakaa hasara ni ya kampuni. Lakini umbo la betri, soketi yake na programu inayoiongoza mara nyingi hukubaliana na pikipiki za kampuni hiyo peke yake. Kituo cha petroli kikipandisha bei, mhudumu huvuka barabara akaenda kwa jirani. Huyu wa umeme atavuka aende wapi? Na kampuni ikifunga milango, atabaki na nini isipokuwa chuma chenye matairi? Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Pili, matengenezo. Pikipiki ya umeme ni chombo chepesi kukitunza. Haina plagi, kabureta wala oili ya injini. Kilichobaki ni matairi, breki, beringi, nyaya, mota, kontrola na betri. Hata hivyo, fundi aliyefumua na kufunga injini kwa miaka 20 husimama mbele yake mikono mitupu. Si kwamba hana akili. Mchoro wa nyaya hajapewa, hitilafu husomwa na programu iliyo mikononi mwa kampuni, na kontrola mpya huenda isifanye kazi mpaka kompyuta ya kampuni iitambue. Waya uliolegea tu waweza kumnyima mhudumu riziki ya siku nzima huku marejesho ya mkopo yakimsubiri jioni. Mhudumu mmoja aliniambia hivi: “Mwalimu, hii pikipiki ni yangu siku ya kulipa. Ikiharibika, ni yao.” Sijapata kusikia ufafanuzi bora wa umiliki wa nusu.

Nchi hii ilijengwa na mafundi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoufungua macho ulimwengu kuhusu uchumi wa watu hawa, na 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kukuza jua kali. Injini ya petroli nayo ilikuja kutoka ng’ambo, lakini ilifunguka. Kwa kufunguka kwake ilizaa maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na gereji zisizohesabika kutoka Busia hadi Likoni. Mashine iliyofungwa kwa programu haitazaa chochote ila wateja.

Najua nitajibiwa kwamba betri za lithiamu ni hatari. Ni kweli. Seli iliyotobolewa au kuchajiwa vibaya huweza kuwaka moto mgumu kuzimwa. Lakini umeme wa majumbani nao huua, na jibu letu halikuwa kuikabidhi kampuni moja kila soketi. Tuliwafunza mafundi tukawapa leseni. Betri ya volti 72 huweza kuwa na makundi 20 ya seli yaliyofuatana. Kundi moja likidhoofika, betri nzima hukatika. Fundi aliyefunzwa, mwenye mita na glavu, hulipata kundi hilo. Asiyefunzwa ataifungua tu, usiku, kwa bisibisi. Kuficha maarifa hakupunguzi hatari hata kidogo.

Tena tusidanganywe kwamba haiwezekani. Kanuni ya Betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inaagiza kwamba kuanzia Februari 2027, betri za baiskeli na skuta za umeme, pamoja na seli zilizomo, ziweze kuondolewa na kubadilishwa na fundi wa kujitegemea. Inakataza programu kutumiwa kuzuia betri nyingine inayofaa, na inataka betri za akiba zipatikane kwa miaka isiyopungua 5 baada ya bidhaa kukoma kuuzwa. Mbona haki hii imfae mkazi wa Paris isimfae mkazi wa Kisumu?

Wala hatuhitaji kuiga. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Mchoro wa nyaya ni habari. Maana ya namba ya hitilafu ni habari. Basi Bunge liweke masharti kwa kila kampuni inayofaidi msamaha wa kodi: itoe miongozo ya matengenezo, iuze vipuri kwa fundi yeyote mwenye cheti, ikubali kiwango kimoja cha soketi na betri, na ishirikiane na vyuo vya kiufundi kufundisha. Msamaha huo ni fedha ya umma, na umma una haki ya kudai malipo yake.

Mpaka siku hiyo, ndugu mhudumu, kabla hujatia sahihi uliza maswali manne. Betri ni ya nani? Naweza kuichaji kwangu? Mnaweza kuizima pikipiki mkiwa mbali? Nani mwingine, zaidi yenu, anaweza kuitengeneza? Dai majibu kwa maandishi. Wakikataa kuyaandika, usitie sahihi.