SAMAKI KAZAA, DADA WA KAZI KAFUKUZWA: HII KIKI HAPANA!

Gumzo la mjini wiki hii ni tanki la samaki la staa mmoja wa kike, yule wa sebule nyeupe ambayo haikosi kwenye klipu zake. Wadau mmeiona wenyewe: samaki wa njano anafungua mdomo, vitoto vinatoka kimoja kimoja, staa anapiga kelele, "Muujiza jamani, nimebarikiwa!" Mashabiki wakajazana. Wengine eti dalili ya utajiri, wengine eti jini. Klipu imetembea mpaka kwa watu ambao hawajawahi kufuga hata kuku.

Ila wenye kumbukumbu warudi nyuma wiki mbili tu. Staa huyohuyo alienda laivu analia kwamba dada wa kazi anamuulia samaki. Samaki hali, taya limevimba, kajificha nyuma ya mawe. Binti wa watu kasimama pembeni na ndoo yake, hajui aangalie wapi. Akajitutumua kusema, "Dada, huyo ana watoto mdomoni, muache tu." Staa akacheka mpaka akashika meza: "Watoto mdomoni! Mnasikia mambo ya kijijini hayo?" Siku mbili baadaye katangaza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kamtimua, na mshahara wa mwezi kaukata kufidia samaki.

Samaki ambaye hajafa!

Sasa sikieni. Binti katokea Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na samaki wale asili yao ni ziwa hilohilo. Wanaitwa mbuna, makazi yao ni kwenye miamba. Jike akitaga anayaokota mayai, anayaweka mdomoni na kukaa nayo kama wiki tatu, mpaka vitoto viweze kuogelea vyenyewe. Muda wote huo hali, au anagusa kidogo sana. Taya litaachaje kuvimba na ukoo mzima uko humo ndani? Hata sato mnayemtafuna na ugali wikiendi, jike lake linalea hivyohivyo. Muujiza uko wapi hapo?

Halafu wametokea watetezi: "Angejuaje, kwani yeye mvuvi?" Sawa, kutojua siyo kosa. Lakini aliambiwa! Aliambiwa laivu, watu wote wanasikia, na mtu ambaye ndiye alikuwa anabadilisha maji ya hilo tanki kila wiki. Angekuja mzungu mwenye kaptula akasema maneno yaleyale, angepewa kiti na juisi ya embe, na siku hiyohiyo angepostiwa kama mtaalamu.

Kinachokera zaidi, hiyo klipu sasa inaingiza hela. Duka la samaki wa mapambo limeshapachikwa chini ya posti. Vitoto vimepewa majina, kimoja kina jina la mchumba. Binti aliyewalisha hao samaki hajatajwa hata kwa bahati mbaya, na shabiki mmoja alipouliza habari za mshahara alijibiwa kikatuni cha kucheka, kisha akablokiwa.

Na kuna kitu watu hawajakiona. Kwenye klipu ya kwanza vitoto vilikuwa kumi na kitu. Kwenye ya jana vinahesabika vinne. Hakuna aliyeviroga. Vitoto vya samaki visipotengwa, au visipowekewa mawe yenye vijitundu vya kujificha, wakubwa wanavimeza, na sebuleni pale pamebaki watu wa kushika simu tu. Anayejua kuvilea yuko kwa shangazi yake anatafuta kazi nyingine. Namba yake staa anayo. Ampigie leo, na kabla hajaanza habari za samaki, aanze na ule mshahara.