MELI HIZO ZILIKUJA KUMLINDA NANI?

Ukisikia serikali inanunua meli za kivita unajiambia hayo ni mambo ya wakubwa wenye nyota begani, wewe wa kijiweni yanakuhusu nini? Yanakuhusu, tena sana. Waulize jirani zetu wa Msumbiji.

Septemba 2013 Msumbiji iliagiza vyombo 30 kutoka kiwanda cha CMN kule Cherbourg, Ufaransa: boti 24 za uvuvi na 6 za doria. Bei iliyotangazwa ni kama euro milioni 200. Rais wa wakati huo, Armando Guebuza, alifunga safari hadi kiwandani, akapokewa na mwenyeji wake François Hollande. Lakini kampuni ya kuvua jodari, Ematum, ilikopa dola milioni 850! Piga hesabu mwenyewe. Na hapo hujaongeza mikopo ya ndugu zake wawili, ProIndicus na MAM, iliyochukuliwa kimya kimya bila Bunge kuambiwa kitu. Jumla ikafika kama dola bilioni 2.

Tuuache ulaji kidogo, maana huo kila mtu anaulaani. Swali linalosahauliwa ni hili: nani alikaa chini akazipanga meli zile? Unaanza na adui. Ni nani, anakuja na chombo gani, anapita wapi. Kisha unaitazama pwani, na ya Msumbiji ina kama kilomita 2,500. Idadi ya meli inakuja mwisho. Na hapo wanamaji wana kanuni yao: ukitaka meli moja iwe baharini wakati wote, uwe nazo tatu. Moja iko kazini, ya pili iko mazoezini, ya tatu imepandishwa kwa matengenezo. Kwa hiyo boti 6 za doria maana yake ni 2 baharini. Mbili, kwa kilomita 2,500! Nazo ziwe na mafuta, vipuri na vijana waliofunzwa.

Oktoba 5, 2017 wapiganaji waliuvamia mji wa Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambako watu wengi wanakisikia Kiswahili kama wewe. Machi 2020 wakarudi, wengine wakitokea baharini. Agosti 2020 wakauteka mji pamoja na bandari yake, wakakaa humo mwaka mzima, mpaka askari wa Rwanda walipokuja kusaidia kuukomboa. ProIndicus, iliyoundwa eti kulinda pwani, ilikuwa wapi? Boti za Ematum nazo zilikaa miaka gatini Maputo zikiota kutu.

Yuko atakayekuambia mambo ya ulinzi ni siri. Changa la macho! Siri ni meli iko wapi leo usiku. Idadi yake, kazi yake, bei yake na gharama ya kuitunza kila mwaka, hizo ni fedha za walalahoi. Afrika Kusini mpango wao wa ulinzi ulipita Bungeni mwaka 1998, na mwaka uliofuata wakaagiza manowari 4 na nyambizi 3. Nao waliumbuka: rushwa ilipenya, na baadaye fedha za matengenezo zikapungua hadi vyombo vingi vikabaki vimefungwa Simon's Town. Lakini angalau raia wao alikuwa na karatasi ya kuwasutia vigogo. Mmsumbiji hakuwa nayo.

Siri ilipofumuka mwaka 2016, IMF na wafadhili walifunga mifuko, na sarafu ya metikali ikaporomoka. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024, akafungwa miaka 8 na nusu. Mtoto wa Guebuza alikwishapewa 12 huko Maputo mwaka 2022.

Basi mbunge akija kwako kuomba kura huku anajisifia meli mpya, usimpigie makofi kwanza. Muulize ni ngapi ziko baharini leo, na fungu la vipuri liko ukurasa gani wa bajeti. Akisema ni siri, mwambie kwamba deni la Ematum lilipopangwa upya mwaka 2019, tarehe ya mwisho ya kulipa iliwekwa 2031. Mtoto aliyezaliwa Maputo mwaka boti zilipoagizwa atakuwa na miaka 18.