Siti sio wa kuombewa mtihani tu

Umeme umerudi hapa bwenini, ngoja nitoe la moyoni kabla haujakatika tena.

Wenzangu wa ualimu, hivi tunamfundishaje Siti binti Saad? Mimi naona tunamuonea. Tunachukua kitabu cha Shaaban Robert, tunatoa "dhamira" tano, "mwanamke jasiri, mchapakazi, mvumilivu", basi, kengele inalia. Mwanafunzi anatoka akidhani Siti alikuwa bibi mpole wa kwenye kanga.

Jamani! Huyu alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, wazazi wenye asili ya utumwa, na yeye mwenyewe akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu akinadi njiani, sauti ikapata mazoezi huko huko. Mwaka 1911 akaingia mjini, akafundwa na Ali Muhsin, akaimba na kina Mbaruku na Subeti. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu, yeye akaileta kwa Kiswahili hadi Ng'ambo. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Hapo Hollywood ndio kwanza ilikuwa inajifunza kutoa sauti kwenye sinema. Halafu mtu bwenini ananiambia staa ni Marilyn Monroe! Haya.

Lakini kilichonikera ni Kijiti. Wimbo huo unahusu mgeni kutoka Dar aliyechukuliwa kwenda ngomani akauawa. Muuaji akakimbilia bara, mahakama ikaishia kuwafunga wanawake waliokuwa mashahidi, kisa walinunua pombe. Siti aliimba hukumu hiyo mjini, hakimu yupo, serikali ya mkoloni ipo. Kwa mtu asiyejua kusoma hilo lilikuwa gazeti. TAMWA walipoliita jarida lao Sauti ya Siti mwaka 1988 hawakukosea jina.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule fulani huku kusini, nilitaka kuupigisha darasani. Mwalimu mmoja akanambia, "Binti yangu, hayo achana nayo, yatawaharibu watoto." Watoto gani? Wasichana wa kidato cha tatu ambao wameshachezwa unyago, wanajua mambo kuliko mimi! Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwaambia kwamba aliyefanyiwa ubaya si mwenye kosa. Hapa Mtwara msichana akipata matatizo, swali la kwanza ni "alikuwa anaenda wapi saa hizo?" Ndiyo swali lile lile la hakimu wa Kijiti, karibu miaka mia imepita.

Eti tuogope wimbo. Huko Mikindani watalii wanaonyeshwa palipouzwa watu, hatuogopi, tunauza na madafu.

Mimi mwakani nikipangiwa kituo, nitaupiga. Ila niliyo nayo kwenye simu inakwaruza sana, beti za mwisho hazisikiki kabisa. Mwenye safi anirushie, tafadhali.